Mishumaa ya Utambi Mmoja

Bertha Vitus Modesti Sikapizye, wa Izia, Sumbawanga. Babu wa babu yake alikuwa miongoni mwa waliojenga matanuri ya udongo marefu kuliko mtu, wakayeyusha mawe mpaka yakatoka majembe yaliyolima Ufipa. Babu yake Modesti alitundika mizinga kwenye miti ya Msanzi na hakuwahi kuangusha mti ili apate asali. Baba yake Vitus alihamia mjini na mke wake, debe la nta na sufuria, akawa mchovya mishumaa ya kanisa mpaka mikono ikamgomea. Bertha mwenyewe alizika mume akiwa bado kijana, akalea mtoto mmoja, na akachovya mishumaa iliyoshikwa siku ya ubatizo na watoto ambao leo wana wajukuu. Hajawahi kumpa mtu mshumaa uliopinda akamwambia utanyooka wenyewe.

Mimi ninayeandika ni Nadhira, mama Fahadi wa dukani. Nilikaa naye dawati moja mpaka tukamaliza shule ya msingi, yeye Mkristo mimi Mwislamu, na utani wetu ulianzia hapo. Nimeona haya yaandikwe wakati bado nayakumbuka kwa mpangilio. Siku hizi watu wanakumbuka namba za simu tu, na hizo nazo wanakumbushwa na simu.

Kwetu dukani tuliuza mishumaa pia, ile myeupe ya pakiti. Marehemu mume wangu Abdala aliileta kwa lori kutoka Mbeya, na umeme ukikatika jioni watu walijaa kaunta kama wanagawiwa. Kwa hiyo nimeishi na mishumaa na najua inavyozeeka. Mtu hudhani mshumaa ni kama jiwe, unauweka leo na mwakani unaukuta vilevile. Si hivyo. Ukikaa karibu na dirisha, jua linaugeuza njano upande mmoja kama jino. Ukikaa stoo chini ya bati, joto la mwezi wa kumi likipanda unatoka jasho, unajikunja ndani ya pakiti, unagandana na wenzake, mteja anakurudishia na maneno juu. Ukikaa penye unyevu utambi unakunywa maji, na siku unapouwasha unatatarika, unatema cheche, unazimika. Ya rangi inapauka. Ya manukato, ambayo mjukuu wangu Jasmin aliniagizia akidhani mji mzima utaigombania, ilikaa rafuni mpaka ikanuka kadibodi.

Mshumaa wa nta ya nyuki ni habari nyingine. Bertha alinionyesha tukiwa wasichana. Ilikuwa Julai, baridi yetu ile ya kufunga watu midomo, na mshumaa alioutoa sandukuni ulikuwa umejaa unga mweupe mwili mzima.

"Huu umeoza," nikamwambia.

"Umeota mvi. Pangusa."

Nikapangusa kwa pindo la khanga. Chini ya ule unga nta iling'aa, manjano iliyokolea kuliko ya mshumaa mpya, na harufu ya asali ikapanda puani.

"Wa kwetu ukizeeka unapendeza," akasema. "Wa kwenu unazeeka kabla ya mwenye duka."

"Wa kwetu unanunuliwa. Wa kwenu unangoja mtu abatizwe au afe."

Alicheka, akaninyang'anya mshumaa wake.

Lazima nieleze wanavyochovya, maana habari yote imening'inia hapo. Nta inayeyushwa katika chombo kirefu kilichosimamishwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, isiguswe na moto wenyewe. Utambi mmoja mrefu unakunjwa katikati na kutundikwa juu ya ufito, ncha zote mbili zikining'inia. Unachovya, unatoa, unaacha ipoe, unachovya tena, na kila mara nta inaongezeka kidogo, kama mtu anayenenepa bila kujijua. Kwa hiyo mishumaa huzaliwa miwili miwili, imeshikana kichwani kwa utambi mmoja, na haiachani mpaka mtu aikate kwa kisu.

Nyumba ya Vitus ilikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa wengine. Kila mwaka walipochovya mishumaa ya Pasaka, jozi ya mwisho haikuuzwa. Ilitundikwa ukutani bila kukatwa. Siku ya Pasaka, wote waliokuwapo wakati wa kuchovya wakishakaa mezani, baba aliikata, wakaiwasha miwili yote, ndipo wakala. Kama mmoja hayupo, jozi inangoja. Mwaka mmoja mama yao alilazwa hospitali, na nyumba ile ilikula Pasaka yake Juni, jozi ikiwa mezani, na hakuna aliyeona ni jambo la kuchekesha.

Sasa Rahel. Rahel ni mdogo wake Bertha, mwepesi wa mikono na wa ulimi. Mwaka ninaousema, Bertha alikuwa amerudi kwa baba yake akiwa mjane, na mwanawe Isdori mgongoni. Waliochovya siku hiyo walikuwa wanne: baba, mama, Bertha na Rahel. Jozi ya mwisho aliichovya Rahel. Isdori, ambaye leo ni fundi ujenzi na ana ndevu za mvi, bado anadai walikuwa watano.

"Na mimi nilikuwapo, mama. Mgongoni."

"Ulikuwa umelala," Bertha humjibu. "Aliyelala hahesabiwi."

Miaka hiyo Wasukuma walikuwa wameanza kuteremsha ng'ombe zao bonde la Rukwa, na walipotaka chumvi na mashuka walipanda mjini. Shija alikuwa mmoja wao, kijana mrefu, mpole, anayecheka kabla hujamaliza kusema. Alikutana na Rahel kwenye kaunta yetu, mbele ya macho yangu. Rahel alikuja kununua uzi wa pamba wa kusokota tambi, na alinunua mwingi.

"Uzi wote huo, dada, unamshonea nani?" Shija akauliza.

"Nyuki," Rahel akasema, wala hakugeuka.

Shija alicheka mpaka akasahau chumvi yake. Akarudi kuifuata kesho yake, na kesho kutwa akarudi kufuata sijui nini.

Alipoleta posa, Vitus alikataa. Hakumchukia kijana, alitaka mkwe aliyebatizwa. Shija alitaja ng'ombe wengi kuliko alioombwa mtu yeyote pale Izia, na Vitus akamjibu kwamba ng'ombe hawashiki mshumaa. Basi siku chache kabla ya Pasaka, Rahel alimvuta dada yake pembeni sokoni.

"Nashuka bondeni kumwona mama yake Shija. Pasaka nitakuwa nimerudi. Msikate."

"Baba akiuliza?"

"Mwambie nimekwenda kwa watu, sikutupwa."

Vitus alipopata habari alisimama mlangoni, majirani wakisikia, akasema Rahel akirudi arudi na mume aliyebatizwa, la sivyo asiuone mlango ule. Neno hilo lilifika bondeni kabla ya lori la Abdala. Pasaka ikafika, jozi ikabaki ukutani, na Rahel hakutokea.

Mama yao ndiye aliyeshindwa kuitazama. Siku moja akaitoa ukutani akaitundika jikoni juu ya moto, pale ambapo wanawake wa Kifipa tunaowajua wote wanatundika mahindi ya mbegu ili moshi uyakinge na bungua. Kwake yeye kila kinachongoja msimu wake mahali pake ni pale. Mke wa mchovya mishumaa, ameishi na nta maisha yake yote, na bado akaenda kuining'iniza juu ya moto.

"Mbegu inakaa pale mwaka mzima na inaota," alimwambia Bertha alipoulizwa. "Na huyu mwanangu ni mbegu."

Bertha alipoiwahi, mishumaa ilikuwa imelegea kiunoni, imepinda yote miwili upande mmoja kama watu wanaosikiliza kitu. Vitus alitaka iyeyushwe, akasema nta nzuri haipotezwi.

"Nta ni yako, baba," Bertha akasema. "Mkono uliochovya si wako."

Akaifunga katika kitambaa cha amerikani, akaitundika chumbani kwake kwenye ukuta usiopigwa na jua. Tangu siku hiyo Bertha alitaka jambo moja hapa duniani, nalo sijamsikia akilibadilisha: Rahel akae kwenye ile meza, jozi ikatwe, iwake.

Kila Juni baridi ilipoanza kuleta ule unga mweupe, niliweka mtu dukani nikaenda Izia na maandazi. Bertha aliileta jozi mpaka kizingitini, akaifungua, akaipangusa kwa kitambaa laini kuanzia kichwani kwenda chini, polepole, asije akaukata utambi pale juu ulipojikunja. Hapo ndipo penye hatari. Nta inaweza kukaa kuliko umri wa mtu, lakini uzi wa pamba ukipata unyevu unaoza, na panya wakinusa asali hawaangalii nani alichovya. Aliweka majani ya mkaratusi kwenye ile amerikani na kubadilisha kila msimu.

Siku moja nilimwambia, "Mama Isdori, ichovye upya mara moja tu, ifunike hiyo mipasuko iliyotokea pale ilipopinda. Nani atajua?"

"Rahel atajua. Atasema dada ameniongezea mkono wangu."

"Rahel hajaiona hata mipasuko."

"Ndiyo maana namtunzia."

Alimtafuta, msije mkadhani alikaa tu akipangusa. Kila dereva wa Abdala alipewa swali hilo pamoja na mzigo wake. Mama yao alipofariki, Bertha alishuka bondeni mwenyewe kupeleka habari za msiba. Aliteremka ule mteremko kwa lori la dagaa, akatembea kijiji kwa kijiji akiuliza boma la Shija. Akaonyeshwa. Alikuta duara la miiba iliyokauka, samadi imekuwa udongo, mafiga matatu, na mti wa mpapai ambao mtu alikuwa ameupanda kwa mpango, karibu na mlango. Walikuwa wamekwishahama na ng'ombe zao, wengine wakasema Usangu, wengine wakasema mbele zaidi. Aliniambia alikaa juu ya figa moja mpaka jua likamchoma.

"Lilikuwa limesawazishwa vizuri," akasema. "Rahel hakupenda chungu kiyumbe."

Baada ya hapo alianza kusema neno lake la kiburi, kwamba aliyeondoka ndiye arudi. Alilisema kisimani, akalisema kwenye jumuiya yao, akaniambia hata mimi, na mimi nikamwacha aseme.

Halafu ikaja zamu ya Vitus. Mikono ilikuwa imekwisha siku nyingi, sasa ikawa kifua. Kwao mtu anayeaga dunia hushikishwa mshumaa, na Bertha alimletea mzuri kuliko wote, wa mwaka ule, umenyooka kama rula. Nilikuwapo, nimeketi mkekani upande wa miguu. Mzee alikuwa amelazwa katika chumba cha Bertha kwa sababu ndicho kilichokuwa na dirisha kubwa. Akautazama mshumaa mkononi mwake. Kisha akatazama ukutani.

"Ile bado?"

"Bado, baba."

Akapumzika. Tulidhani amelala.

"Basi iacheni. Rahel akija na aingie. Na mume wake aingie, vyovyote alivyo."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake la mwisho lenye maana, yaliyofuata yalikuwa ya homa. Na kuanzia siku ile mzigo wa Bertha ukawa mzito zaidi. Kwanza alikuwa akimngojea mdogo wake tu. Sasa alikuwa amebeba ruhusa ya baba yao, na mwenye ruhusa hakujua kama ameruhusiwa. Kati ya wanne waliochovya walikuwa wamebaki wawili.

Miaka ikaenda. Abdala akafariki, duka akalishika Fahadi, na rafu ya mishumaa ikajaa taa za sola na tochi za kuchaji. Isdori akaoa Leokadia, binti wa Malangali, mchapakazi na mwenye fikra zake. Leokadia aliona kuchovya kunakula siku nzima, akakata vipande vya bomba la maji, akamimina nta humo, akatoa mishumaa kumi kabla chai haijapoa.

"Angalia, mama," akamwambia mkwewe. "Imenyooka."

"Imenyooka. Ina pacha?"

"Mshumaa una pacha?"

"Basi uza hiyo kwa wenye haraka," Bertha akasema, na akaendelea kuchovya ya kwake. Lakini alinong'ona kwangu kwamba mikono ya mwanamke yule ni mizuri, ila haijapata sababu ya kutulia.

Mwaka huu, mvua zilipokatika kidogo mwezi wa pili, mwanamke wa miaka kama thelathini na kitu aliingia dukani na begi begani, vumbi la safari limemkaa mpaka kwenye kope. Alinipa shikamoo kwa kupiga goti kidogo.

"Marahaba. Umetoka mbali wewe."

"Liwale, bibi. Natafuta nyumba ya Vitus wa mishumaa."

Nilishika kaunta. Urefu ulikuwa wa Shija. Lakini alipokuwa akingoja jibu alikuwa anaukunja uzi uliolegea kwenye begi lake, anausokota kati ya vidole, na vidole vile nilivijua.

"Wewe ni wa Rahel," nikamwambia.

"Mimi ni Milembe. Ndiye mama yangu."

"Yu hai?"

"Yu hai."

Nilimwambia Fahadi akae na wateja. Sikuvaa hata viatu vya kutokea.

Bertha alikuwa uani anachambua maharage. Milembe alipiga goti, akasema shikamoo mama mkubwa, na Bertha akaitika marahaba kama anavyomwitikia mtoto yeyote wa mtaani, kisha mkono ukasimama juu ya ungo. Hakuuliza wewe nani. Akamwita Leokadia alete maji ya kunawa na chakula, maana mgeni haulizwi kitu na tumbo tupu. Leokadia akaleta, na mimi nikakaa nimejibana kama mtu aliyekalia yai.

Alipomaliza kula ndipo Bertha akasema, "Haya. Mama yako anasemaje?"

Milembe alikunja mikono. "Mama haoni tena, mama mkubwa. Ilianza kama ukungu, hospitali wakasema tumechelewa. Baba alitangulia miaka mingi. Tulitoka Usangu na ng'ombe, tukaenda Lindi, sasa tuko Liwale porini, na kaka zangu. Mama alinituma kuangalia kitu kimoja. Alisema kuna mishumaa miwili. Alisema nikikuta imekatwa, nisijitambulishe. Nisalimie, niombe maji ya kunywa, nirudi. Ila bibi huyu alinitambua kabla sijafika."

"Na ikiwa haijakatwa?"

"Hakusema. Alisema tu niishike kwa mkono nimweleze."

Bertha aliinuka. Magoti yake siku hizi yanataka kubembelezwa, aliyabembeleza, akaingia ndani, akatoka na ile amerikani. Ilikuwa si msimu wa kuipangusa na unga mweupe haukuwapo mwingi. Milembe alipitisha vidole taratibu, akashuka mpaka pale kwenye kiuno kilicholegea, akapanda tena mpaka juu kwenye utambi. Akaugusa pale ulipojikunja, akautafuta mwanzo wake na mwisho wake, kama alivyoelekezwa nadhani.

"Haijakatwa," akasema.

"Nani alikwambia imekatwa," Bertha akajibu, lakini sauti haikuwa na ukali wowote.

Kisha akawa na wasiwasi ambao sikuutarajia. Akaiinua jozi mpaka puani, akavuta, akavuta tena, akanigeukia.

"Mama Fahadi, bado inanukia? Mimi pua yangu imekufa. Miaka yote nimetunza utambi ili uwake. Kama haoni, kuwaka kutamsaidia nini?"

"Mpe mtoto anuse. Mimi pua yangu ina karafuu na mafuta ya taa."

Milembe akaisugua kwa kidole gumba, akanusa.

"Asali. Ile ya porini, si ya dukani. Na moshi kidogo."

Bertha akaketi. Akaendelea kuchambua maharage, na nikaona anatupa mazima na kuacha mabovu, wala sikumsahihisha.

Isdori aliporudi kutoka kazini na kusikia, alitaka simu ipigwe saa hiyohiyo. Milembe akasema kule porini mtandao haufiki, mama huletwa mnadani kila Jumamosi na kaka yake, na pale mnadani ndipo simu inaposhika. Tukangoja Jumamosi. Sijui kama Bertha alilala siku hizo. Alifagia uwanja uliokwisha fagiwa.

Jumamosi Milembe alipiga, akazungumza Kisukuma na kaka yake, kisha akaweka sauti kubwa na kumpa Bertha simu. Tulisikia ng'ombe, tukasikia mtu ananadi, tukasikia pumzi. Bertha aliishika ile simu kwa mikono miwili. Mwanamke ambaye amenishinda maneno tangu utotoni.

Upande wa pili ndio ulioanza.

"Umekata?"

"Sijakata."

Ng'ombe wakalia tena. Niliona Isdori anatazama pembeni.

"Baba alisemaje?" Rahel akauliza. Sauti ilikuwa ndogo, ya msichana aliyechelewa kurudi kutoka sokoni.

Bertha alifungua mdomo. Neno lile alikuwa nalo, amelibeba miaka yote hiyo, na mimi niliyelisikia likitoka kwa mzee nilijua ni fupi, lingepita kwenye simu bila shida. Akafunga mdomo. Akaufungua tena.

"Nakuja," akasema. "Nitakwambia nikifika."

Akamrudishia Milembe simu kabla ya mwenzake kujibu.

Isdori alihesabu kwa sauti: Mbeya, Dar es Salaam, Lindi, halafu Liwale, halafu pikipiki porini. "Mama, kwa magoti hayo? Mwambie tu sasa hivi. Bado yuko hewani."

"Neno la baba yangu silitupi mnadani katikati ya ng'ombe."

"Na wewe si ulisema aliyeondoka ndiye arudi?" nikamchokoza, maana kama nisingemchokoza ningelia.

"Nilisema nikiwa na magoti mazuri. Magoti mazuri yanamfanya mtu aseme ujinga."

Nilitaka kumwuliza je, kama akifika akamkuta mwenzake hayupo. Yeye mwenyewe alikuwa amelifikiria. Niliona kwa jinsi alivyoifunga ile jozi, akaifungua, akaifunga tena, kama anayejiuliza ni lipi litakalokaa zaidi, nta au mtu. Akaamua haitawekwa kwenye buti la basi wala upande wa dirisha lenye jua. Ataipakata njia nzima, na Milembe atampokea wakati wa kula. Meza haikubebeka. Alisema Rahel atakaa popote, na popote atakapokaa ndiyo meza ya baba.

Lakini Pasaka ilikuwa inakuja na nta kutoka Msanzi ilikuwa imekwisha fika, imejaa ndoo mbili. Siku moja kabla ya safari, asubuhi, Bertha aliwasha moto uani, akaweka sufuria ya maji, akasimamisha ndani yake kile chombo kirefu cha baba yake. Akamwita mkwewe.

"Leokadia. Lete mabomba yako."

Leokadia akayaleta, akidhani ameshinda. Bertha akayapokea, akayaweka nyuma ya mlango, akamkabidhi ufito.

"Mwaka huu utachovya wewe. Siyo siku mbili tatu wakati sipo. Wewe."

"Mama, mimi sijui kuchovya."

"Unajua kumimina. Kuchovya ni kumimina kwa mtu mvumilivu. Chuja nta kwa kitambaa mara mbili, ukiona imeanza kutoa moshi umeiua, mwaga uanze upya. Usiichovye ikiwa ya moto sana, itavua ile iliyotangulia. Ikikamilika usiipeleke kanisani kesho yake. Iache ikae kivulini mpaka ishike. Mshumaa wa nta mpya unawaka kwa pupa, unajimwagia."

"Padre akija kuidai?"

"Mpe chai."

Leokadia alikunja utambi wa kwanza juu ya ufito. Akachovya haraka, akatoa haraka, nta ikashuka na madonge. Wa pili ukatoka madonge vilevile. Kwenye wa tatu mikono ya yule binti ikapungua kasi yenyewe, akatoa taratibu, nta ikashuka laini, na nikaona Bertha amegeuza uso upande wa barabara, kule yanakotokea mabasi.

"Na jozi ya mwisho?" Leokadia akauliza. "Niitundike?"

"Utaitundika."

"Waliopo nihesabu nani na nani, mama?"

"Wewe, Isdori, watoto wako." Bertha alisogeza kuni mbili nje ya moto. "Na mimi unihesabu. Haya chovya, maji yanachemka kupita kiasi."